Mguu wa Kushoto Kwanza

Mbagala, Temeke

Mpwa wangu mpendwa,

Picha za zile pedali pacha mbili za besi dramu nimezitazama kwa makini, nikazikuza mpaka nikaona kutu kwenye nati. Umeniuliza swali fupi: Mjomba, nichukue ipi? Kwa simu ningekujibu kwa neno moja na tungeishia hapo. Lakini hela unayotaka kuitoa ni ya jasho lako na kazi uliyopewa ni nzito, kwa hiyo nimeona nikuandikie taratibu, ili uwe unairudia karatasi hii ukiwa umekaa nyuma ya dramu na ufunguo mkononi.

Nimefurahi sana kusikia mmeamua kupiga singeli kwa vyombo. Muziki huo umezaliwa huko huko kwenu, Tandale, Manzese na Mburahati, kwenye vigodoro na kwenye vyumba vya kurekodia vyenye kompyuta moja na feni. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kazi za studio ya Mburahati, singeli ilianza kusikika mbali na Dar es Salaam, na watu waliizungumzia kwa kasi yake: mapigo 200 kwa dakika, na zipo nyimbo zinazosogea mpaka 300. Mapigo hayo yanatoka kwenye kompyuta, na kompyuta haina ugoko wa kuuma. Sasa wenzako wanataka binadamu akae jukwaani ayapige yale yale kwa miguu yake, sambamba na laptop ya DJ. Hilo ni jambo la kuheshimiwa, na linastahili kuandaliwa vizuri.

Tuanze na kama kweli unahitaji pedali pacha. Piga hesabu. Wimbo ukiwa na mapigo 240 kwa dakika, kila pigo ni robo sekunde. Besi dramu ikilia mara moja kwa kila pigo, unakanyaga mara nne kwa sekunde, na mguu wako wa kulia unaiweza kazi hiyo peke yake. Ikilia mara mbili kwa kila pigo, ni mara nane kwa sekunde. Mguu mmoja utaweza kwa kipande kifupi, si kwa wimbo mzima wa singeli ambao haupumziki. Ukiigawa kwa miguu miwili, kila mguu unabaki na mara nne, yaani mwendo ule ule uliokwisha kuuzoea. Ikilia mara nne kwa kila pigo, ni mara kumi na sita kwa sekunde, nane kwa kila mguu. Huko wanafika wapigaji wachache waliotoa miaka kwa jambo hilo tu, na hata wakifika, mtu anayecheza chini ya jukwaa hasikii tena mapigo bali mngurumo. Kwa hiyo wewe unanunua pedali pacha kwa ajili ya ule mwendo wa kati, mawili kwa kila pigo, mguu wa kulia na wa kushoto kwa kupokezana. Lenga hapo. Kila kitu nitakachokuambia kuhusu kununua na kupanga kinatokana na hesabu hiyo.

Nakuomba pia usiyamwage mapigo hayo kila mahali. Nikiwa kijana nilikuwa nasimama karibu na jukwaa TCC Chang'ombe kuwatazama Msondo Ngoma, bendi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, na macho yangu yalikuwa kwenye mguu wa mpiga dramu. Mguu ule haukufanya mengi. Uliacha nafasi kwa gitaa la besi na tumba, na nafasi hiyo ndiyo watu waliyokuwa wakiichezea. Hata kwa Twanga Pepeta pale Mango Garden Kinondoni, sebene lilipokolea na marapa wakapandisha mzuka, kazi ya haraka ilikuwa mikononi, kwenye snea na haihati. Mguu ulishika njia. Singeli ni muziki mwingine na una haki ya kudai miguu miwili, lakini besi dramu ikilia bila kukoma kwa dakika sita, hata wachezaji wa Tandale watachoka kuisikiliza kabla wewe hujachoka kuipiga. Iwekee mahali pake: pale MC anapomaliza mstari, pale kinanda kinapobaki peke yake, pale watu wanapoanza kupiga yowe.

Wazo la miguu miwili lilitoka kwenye jazz ya Marekani. Louie Bellson, mwishoni mwa miaka ya 1930, akiwa bado kijana wa shule, alichora seti yenye besi dramu mbili, na miaka ya 1950 akaipiga katika bendi ya Duke Ellington. Wanarock wakaichukua na wakawa wanabeba madramu mawili makubwa kila waendako. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Drum Workshop ya California ikaingiza sokoni pedali iitwayo 5002, nyundo mbili kwenye dramu moja, na watu wakapumua. Kwetu sisi tunaokwenda kwenye shughuli kwa bajaji, seti nzima ikiwa magotini, bila kifaa hicho mazungumzo haya yasingekuwepo.

Sasa picha zako. Ya kwanza, ile mpya ya dukani Kariakoo, inang'aa, ina mnyororo mmoja mwembamba, na pedali ya kushoto haina bamba la chuma chini yake, ina vijiti viwili tu. Ya pili ni Tama Iron Cobra ya mtumba iliyotoka Japani. Rangi imechubuka, nyundo zake hazifanani, na springi ya upande mmoja imechoka. Chukua ya pili, kwa masharti nitakayokupa. Bamba zito chini ya pedali zote mbili ndilo linalozuia pedali isitembee unapokanyaga, na pedali inayotembea kwenye kasi ya 240 ni sawa na kutokuwa nayo. Springi na nyundo zinabadilishwa kwa hela ndogo. Bamba na beringi si rahisi kuvibadilisha.

Masharti ndiyo haya. Ukifika kwa muuzaji, fungua springi ya kila nyundo, iachie nyundo ining'inie, kisha ivute na kuiachia. Ikiyumba kwa muda mrefu kabla ya kusimama, beringi ni nzima. Ikisimama mara moja au ukisikia mchanga ndani, mwambie ashushe bei, au iache. Halafu mtu mmoja aushike ubao wa pedali ya kushoto usisogee hata kidogo, na wewe ushike nyundo ya kushoto kwa vidole na kuitikisa. Ikienda mbele na nyuma kabla aliyeshika ubao hajahisi kitu, jointi za shafti zimelika. Mchezo mdogo sana unavumilika. Ukiusikia ukigonga kwa sauti, hapana. Kaza na kulegeza kila skrubu ya shafti ujue kama meno yake yanashika. Mwisho, tazama kibanio kinachoishika rimu ya dramu, kama mpira wake upo. Ukiwa umetoweka, kipande cha mpira wa tairi la baiskeli kinatosha.

Iron Cobra zimetoka kwa namna mbili kuu. Ile ya Rolling Glide ina gurudumu la mnyororo lenye mviringo kamili. Ya Power Glide gurudumu lake limevutwa upande mmoja, hivyo nyundo inaongeza mwendo inapoikaribia ngozi. Power Glide inapiga kwa nguvu zaidi na wapigaji wa rock wanaipenda. Kwa kazi yako ningependa ya mviringo, kwa sababu mguu unahisi uzito ule ule toka mwanzo wa hatua hadi mwisho, na miguu miwili inalingana kwa urahisi zaidi. Lakini ikiwa ni Power Glide na beringi zake ni safi, usiikatae. Zipo pia pedali zisizo na mnyororo kabisa, zinaunganishwa kwa fimbo ya chuma, kama zile za Axis na Trick. Ni nyepesi na za kasi, ila kila mtetemo wa mguu unafika kwenye ngozi ulivyo. Ngoja kwanza miguu itulie.

Hapa naomba unisikilize kuliko mahali pengine popote katika barua hii, maana mguu wa kushoto ndio utakaoamua.

Mguu wa kulia unasukuma mnyororo na nyundo, basi. Wa kushoto unasukuma mnyororo, jointi, shafti, jointi nyingine, ndipo nyundo. Uzito huo hauondoki hata ununue pedali ya bei gani. Unapunguzwa kwa mpangilio. Jointi iliyokunjwa sana haizunguki kwa mwendo mmoja: wakati mmoja inaharakisha, wakati mwingine inachelewa, ingawa wewe unaisukuma sawasawa. Mafundi wa malori hapa Temeke wanalijua hili kwa sababu propela shafti ya lori ina jointi za namna hiyo hiyo. Zikipangwa kwa pembe sawa na kwa mstari mmoja, kuchelewa kwa moja kunafutwa na kuharakisha kwa nyingine. Zisipopangwa hivyo, gari zima linatetemeka. Shafti ya pedali yako ifanyie vile vile. Iwe karibu na usawa wa sakafu iwezekanavyo, isipande kwa ghafla upande mmoja, na mkunjo wa jointi ya kulia ulingane na wa kushoto. Pedali zote mbili zikae juu ya zulia moja, la unene ule ule, chini yake ubao kama sakafu ni mchanga. Nimewaona vijana wengi wakilaumu mguu wao wa kushoto wakati pedali kuu imekaa juu ya zulia na ya kushoto iko kwenye saruji.

Ili shafti ikae hivyo, usianze na dramu. Anza na kiti. Ondoa kila kitu mbele yako, kaa kwa urefu ambao mapaja yanateremka kidogo kuelekea magotini, weka miguu chini mahali inapoangukia yenyewe bila kulazimisha. Hapo ndipo pedali zinapokwenda. Utagundua miguu haitazami mbele moja kwa moja. Inafunguka kwa nje, kila mmoja upande wake. Acha iwe hivyo. Geuza besi dramu ifuate mguu wa kulia, kisha uweke snea katikati ya magoti, kisha haihati. Haihati itagombea nafasi na pedali ya kushoto, hilo halikwepeki. Zungusha miguu ya stendi yake mpaka ipatikane njia, na ubao wa haihati ubaki kushoto kabisa, ukigusana na pedali. Wengi wanafanya kinyume: wanapanga dramu zipendeze kwa mbele halafu wanaikunja miguu yao iende kuzifuata.

Springi iweke wastani kwanza. Kuna imani kwamba ukikaza springi ndipo unapata kasi. Springi kali inarudisha nyundo haraka, ni kweli, lakini inadai nguvu kila unapokanyaga, na wewe unakanyaga mara mia kadhaa kwa dakika. Kaza kiasi kwamba ukiupumzisha mguu juu ya ubao, nyundo isiiguse ngozi. Baada ya hapo fumba macho, piga kulia, piga kushoto, polepole, na urekebishe springi ya kushoto peke yake mpaka usitambue tofauti ya uzito. Inaweza kuchukua jioni nzima, na haitapotea bure. Nyundo zote mbili ziwe na urefu mmoja na zisimame umbali mmoja kutoka kwenye ngozi. Tumia rula, usikadirie. Pedali kuu isogeze kidogo kulia ili katikati ya ngozi iangukie kati ya nyundo mbili, maana nyundo moja ikipiga katikati na nyingine pembeni, utapata sauti mbili tofauti na utadhani ni miguu. Na nunua nyundo mbili za namna moja. Za plastiki zinatoa mlio mkali unaokata, za felti zina mlio mnene. Kwa singeli chagua plastiki, au zile zenye pande mbili uwe unageuza.

Ngozi ya besi dramu nayo iangalie. Ile ya kanisani kwenu uliyonionyesha mwaka jana ilikuwa imelegea mpaka ina makunyanzi. Kwa kwaya inasikika vizuri, ila nyundo inapoipiga inazama na hairudi. Kaza zaidi, zamu kwa zamu, skrubu zinazotazamana, mpaka uhisi ngozi inakurudishia nyundo. Ndani weka blanketi dogo linaloigusa ngozi kwa wepesi, si mto mzima. Na bandika kipande cha kinga pale nyundo zinapotua, kwa sababu plastiki mbili zitaitoboa ngozi mapema.

Sasa triga. Wapo wazee wenzangu wanaosema triga ni udanganyifu, na wapo vijana wanaodhani ni dawa ya miguu mizito. Wote sikubaliani nao. Ndani ya triga mna kidude kinachogeuza mtikisiko wa ngozi kuwa umeme kidogo. Umeme huo unakwenda kwenye moduli, na moduli inatoa mlio uliouchagua. Ukipiga kwa kasi, mguu hauna muda wa kuinuka juu, na usipoinuka juu hauna nguvu. Huo ni mwili, hauna dawa. Kwenye uwanja wenye spika kubwa na MC anayepiga kelele, mapigo hayo mepesi yanapotea. Triga inayasikia na kuyapandisha. Hiyo ni kazi halali kabisa. Bendi za mchiriku, ambazo singeli imetoka kwao, zilipitisha vinanda vidogo vya Casio kwenye vikuza sauti na vipaza vya honi ili visikike juu ya ngoma, na hakuna aliyewaita waongo.

Ila fahamu triga inaficha nini na inafichua nini. Inaficha udhaifu wa nguvu, kwa sababu pigo dogo na kubwa yanaweza kutoka kwa sauti moja. Haifichi hata kidogo kutolingana kwa muda. Mguu wako wa kushoto ukichelewa kidogo bila triga, mlio wa ngozi unaziba pengo na watu hawatambui. Ukiwa na triga, kila pigo ni kali na fupi, na kuchelewa huko kutasikika mpaka kituo cha daladala. Ndiyo maana triga inakuja baada ya kila kitu nilichokwisha kukuandikia. Wasikudanganye kukuuzia pedali na triga kwa siku moja.

Pedali pacha kwenye dramu moja inahitaji triga moja tu, usiuziwe mbili. Za dukani, kama RT-30K ya Roland au Red Shot ya ddrum, zinabana kwenye rimu na kugusa ngozi. Ziweke juu ya rimu, mbali na nyundo na mbali na kibanio cha pedali, maana mtikisiko wa chuma unaweza kuonekana kama pigo. Kama hela imekwisha, sahani ndogo ya piezo ya milimita 27 au 35 inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya redio Kariakoo, na fundi redio yeyote wa mtaani anaweza kuiunganisha na jeki ya gitaa. Waya wa katikati ya jeki uende kwenye ile sehemu nyeupe, waya wa nje kwenye shaba. Mwambie asiikawize chuma cha kuchomelea juu ya sehemu nyeupe, inaungua haraka. Ibandike kwenye ngozi karibu na rimu, juu yake sponji, juu yake gundi ya karatasi. Itafanya kazi vizuri, ingawa haitadumu.

Kuhusu moduli, angalia jambo moja kabla ya yote: je, ina milio ndani yake, au inatuma ishara tu? DDTi ya ddrum na Trigger iO ya Alesis hazina mlio hata mmoja, zinahitaji kompyuta au kifaa kingine chenye milio. Kompyuta yenye kadi ya sauti ya kawaida inachelewesha mlio kiasi cha mguu kuhisi, na kwenye mwendo wako hilo halifai. TM-2 ya Roland ina milio yake, inapokea kadi ya SD ambayo unaweza kuweka mlio wako mwenyewe, na inatumia betri nne za AA. Betri hizo kwangu ni sababu kubwa ya kuinunua. Umeme wa shughuli za mtaani unapanda na kushuka, jenereta inayumba, na katikati ya wimbo moduli ikizima na kuwaka, umeachwa. Ukinunua moduli ya mtumba kutoka Japani ukapewa na adapta yake, soma maandishi madogo mgongoni kwanza. Umeme wa Japani ni volti 100, wa kwetu 230. Adapta ya volti 100 ukiichomeka ukutani inaungua, na inaweza kuondoka na moduli.

Kwenye moduli utakuta mipangilio mingi. Mitatu ndiyo ya kwako. Nyuma ya karatasi hii nimekuandikia majina yake ya Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye skrini. Wa kwanza ni usikivu: piga kwa nguvu zako za kawaida za jukwaani, pandisha mpaka mstari ukaribie juu bila kugonga mwisho. Wa pili ni kizingiti, yaani pigo dogo kuliko hapo lisihesabiwe. Mwambie mwenzako apige besi kwenye spika, wewe upige snea na tomu, na upandishe kizingiti mpaka moduli ikae kimya. Halafu piga besi dramu kwa wepesi kabisa uone kama bado inasikia. Ikishindwa, shusha kidogo.

Wa tatu ni muda wa kunyamaza, na ndio unaowashinda watu. Kila nyundo inapopiga, ngozi inaendelea kutetemeka, na moduli inaweza kuhesabu pigo moja kama mawili. Ili kuzuia hilo, unaiambia inyamaze kwa muda mfupi baada ya kila pigo. Ukiupunguza mno, utasikia mapigo ambayo hukuyapiga. Ukiuzidisha, itameza yale uliyoyapiga. Rudi kwenye hesabu yetu: kwa 240, mapigo mawili kwa kila pigo la wimbo yanapishana kwa milisekunde 125. Ukijaribu manne, yanapishana kwa 62 na nusu. Kwa hiyo muda wa kunyamaza ukiwa 80, mwendo wa kati utatoka safi, lakini mara tu utakapoongeza vipande vya kasi zaidi, pigo moja katika kila mawili litapotea, na utadhani mguu wa kushoto umekufa. Anza na 40. Ikiwa mapigo ya ziada yanasikika, usikimbilie kuongeza muda. Kwanza kaza ngozi, ongeza blanketi kidogo, angalia triga haijalegea. Tatizo la ngozi litibu kwenye ngozi.

Mlio nao uwe mfupi. Kama milisekunde 125 ndizo zinazopishanisha mapigo yako, mlio wa besi unaovuma kwa nusu sekunde utapandana wenyewe kwa wenyewe, na sabufa itageuka wingu. Chukua mlio mkavu, wenye kichwa kikali na mkia mfupi. Maikrofoni ya besi dramu usiiondoe. Mwambie fundi mitambo achanganye, maikrofoni itoe unene na triga itoe ukali. Zikipigwa pamoja unene ukapotea, mwombe abonyeze kitufe cha kugeuza fezi kwenye njia moja. Mara nyingi kinatosha.

Kuhusu mazoezi, najua nyumba za Tandale zimegusana ukuta kwa ukuta na kuna watoto wachanga. Kata kipande cha mpira wa tairi, kibandike kwenye ubao uliosimama wima, chini ya mpira weka sahani ya piezo, uunganishe na moduli, uvae hedifoni. Unaweza kupiga saa tano usiku na jirani asiamke. Anza kwa mapigo 100 kwa dakika, mawili kwa kila pigo, ukianza na mguu wa kushoto. Ndiyo, kushoto. Siku zote tunaanza na kulia, kwa hiyo mguu wa kushoto hujifunza kufuata tu na haujifunzi kuongoza. Ongeza mapigo matano tu kila unapoweza kumaliza muda wa wimbo mzima bila ugoko kukaza. Ukisikia maumivu makali mbele ya mguu, acha siku hiyo. Jukwaani, omba laptop ya DJ ikupe mlio wa kuhesabia kwenye sikio moja, na lingine libaki wazi kwa ajili ya wenzako.

Kanisani zima triga. Mlio ule haukutengenezwa kwa ajili ya kwaya, na wazee wa kanisa wamekuwa wema kwako kwa kukuachia dramu zao. Pedali ya kushoto unaweza kuiacha mahali pake, ila nyundo yake ifungue au irudishe nyuma kabisa, isije ikagusa ngozi bila kutaka.

Ukishaichukua ile Iron Cobra, usianze kuifungua fungua. Ilete Mbagala Jumamosi mchana. Kuna fundi kereza hapa jirani aliyewahi kunitengenezea pini za stendi. Kama jointi zina mchezo kidogo, atazitazama. Oili ya cherehani ninayo, ila springi sina, kwa hiyo mwambie muuzaji akupe za akiba kama anazo, usimlipe mpaka azitafute. Njoo na rula na ufunguo wa dramu. Wangu nimemwazima mtu wa Chang'ombe na bado hajarudisha.

Msalimie sana dada yangu, mwambie dawa alizoniagiza nimezipata. Mkaza mjomba wako anakusalimu na anauliza kama utakula hapa.

Mimi mjomba wako